Swali la Mark Hopkins

Chuo cha Williams, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, hakikuwa na pesa za kununua sanamu ya mwili wa mtu ya kufundishia. Mkuu wa chuo, Mark Hopkins, ambaye ndiye pia aliyekuwa profesa wa falsafa, akatia saini hati ya deni la dola 600 kwa jina lake mwenyewe, akainunua. Kisha akaipakia kwenye gari la farasi la kuteleza juu ya theluji, akawa anazunguka nayo katika miji ya jirani. Anaisimamisha mbele ya watu, anawaeleza habari za moyo, mapafu na mishipa, wao wanatoa kiingilio, naye anapunguza deni.

Mtu akitajiwa profesa wa falsafa wa karne ya 19, humfikiria mzee aliyejifungia ndani na vitabu vyenye vumbi. Hopkins hakuwa hivyo hata kidogo. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha falsafa ya elimu katika chuo cha walimu, nimezifuatilia habari zake kwa miaka mingi, na si kwa ajili ya sanamu ile tu. Mafundisho yake yalipita mikono ya watu kadhaa, yakavuka bahari, yakafika Kenya, yakaingia mpaka nyumbani kwa babu yangu mzaa mama. Lakini hayakufika mazima. Sehemu iliyokuwa na thamani kuliko zote ilibaki njiani, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Hopkins alizaliwa tarehe 4 Februari 1802 huko Stockbridge, mji ulioanzishwa katika karne ya 18 kama kituo cha wamisionari kwa Wahindi Wekundu wa kabila la Wamohikani. Alisoma Williams, akahitimu mwaka 1824, akafundisha hapo kwa muda kama mwalimu msaidizi, kisha akasomea udaktari katika chuo cha tiba cha Berkshire na kupata shahada mwaka 1829. Alikuwa ameanza kujipanga kuishi kwa kutibu watu, chuo kikamwita tena. Mwaka 1830 akawa profesa wa falsafa ya maadili na ufasaha wa kusema. Miaka sita baadaye akapewa ukuu wa chuo, akaushika kwa miaka 36.

Williamstown, kilipo chuo hicho, ni mji mdogo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Massachusetts, umezungukwa na milima, na enzi hizo ulikuwa mbali na kila kitu. Vijana wake wengi walitoka mashambani. Miaka mitatu ya kwanza walisoma Kilatini, Kigiriki na hesabu, na namna ya kusoma ilikuwa moja: mwanafunzi anahifadhi kurasa alizopangiwa, anaitwa jina, anasimama, anazimwaga kama zilivyo, mwalimu anatia alama kwenye daftari. Wasomaji wengi wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa zaidi. Tumesoma hivyo sisi, na watoto wetu wengi bado wanasoma hivyo.

Mwaka wa nne mambo yalibadilika, kwa maana vijana waliingia mikononi mwa mkuu wa chuo mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya vyuo vya Marekani wakati huo. Somo la mwisho, lililotakiwa kuyaunganisha yote yaliyotangulia, lilikuwa falsafa ya maadili: mtu ni nini, akili yake inafanyaje kazi, ana wajibu gani kwa Mungu, kwa jirani na kwa serikali. Mkuu wa chuo, ambaye mara nyingi alikuwa mchungaji wa kanisa, ndiye aliyelifundisha. Lilihesabiwa kuwa ndilo litakalomtoa kijana chuoni akiwa mtu mzima.

Hopkins alilianza somo hilo kwa mwili, na hapo ndipo ile sanamu ilipopata kazi. Baadaye mpango wake wote aliuweka katika kitabu kiitwacho An Outline Study of Man, kilichotoka mwaka 1873 kikiwa na michoro ya kuchorwa ubaoni. Mchoro mkuu ni kama piramidi. Chini kabisa kuna nguvu ya mvutano inayoshikilia dunia, juu yake nguvu inayoshikamanisha chembe za vitu, kisha muungano wa kikemia, kisha uhai wa mimea, halafu uhai wa wanyama, na kileleni mtu mwenye akili na uwezo wa kuchagua. Kila tabaka linalitegemea lililo chini yake, na kila la chini lipo ili la juu yake liweze kuwapo. Mfupa upo kwa ajili ya msuli, msuli kwa ajili ya tendo, tendo kwa ajili ya nia. Kwa hiyo, alisema Hopkins, asiyejali mwili hajamwelewa mtu, na anayeishia kwenye mwili naye hajamwelewa mtu. Naomba msomaji aishike piramidi hii, kwa sababu nitairudia nikifika Kabete, Kenya.

Namna yake ya kufundisha ndiyo iliyompa jina. Mwanafunzi akisimama na kueleza yaliyomo kitabuni, Hopkins hakuishia kutia alama. Alimgeuzia swali: na wewe unaonaje? Mwandishi amesema hivi. Je, ni kweli? Akijibu ndiyo, anaulizwa kwa nini. Akijibu hapana, anaulizwa vilevile kwa nini, kisha mwenzake wa benchi la nyuma anaulizwa kama amekubaliana na sababu hiyo. Vijana waliokuwa wamezoea kumeza na kutapika kwa miaka mitatu walijikuta kwa mara ya kwanza wanahesabiwa kuwa watu wenye maoni. Wengi wao, walipozeeka, vitabu vyake walikuwa wamevisahau, ila swali lile hawakulisahau.

Mimi najua uzito wa swali hilo kwa kuwa nalitumia. Ukiliuliza katika darasa la walimu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kimya kinachofuata kinaweza kukufanya ulijibu wewe mwenyewe ili kuokoa muda. Wanakutazama wakitafuta usoni pako jibu linalotakiwa. Wengine wanafungua daftari kuona kama uliliandika wiki iliyopita. Si ujinga wala woga. Miaka yote ya shule wamefundishwa kwamba maoni yao hayana alama. Inachukua majuma kabla mmoja hajainua mkono na kusema, "Mwalimu, mimi sikubaliani na huyu Plato." Siku hiyo ndipo kazi inapoanza.

Siwezi kumsifu Hopkins bila kusema upungufu wake, maana ulikuwapo na ulikuwa mkubwa. Hakuwa msomaji. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba vitabu havikuwa shughuli yake. Wakati Ujerumani ilikuwa imekwisha kuwatoa Kant na Hegel, na Darwin alikuwa ametikisa elimu ya viumbe vyote, profesa wa Williamstown alikuwa anafundisha kwa kutumia Askofu Butler wa karne ya 18 na katekisimu ya Westminster, akijazia kwa fikra zake mwenyewe. Na swali lake lilikuwa na ukuta: kijana aliweza kuuliza mengi, lakini ilitarajiwa kwamba mwisho wa safari atatua kwenye imani ya Kikristo ya mwalimu wake. Mwalimu mwenye kipaji anaweza kuwafungulia watu mlango akawa amekwisha kuamua watoke upande gani. Kosa hilo tunalifanya walimu wengi, tena bila kipaji chake.

Vitabu aliandika hata hivyo. Mihadhara yake juu ya maadili ilichapishwa mwaka 1862, na mwaka 1869 akatoa The Law of Love and Love as a Law. Hicho cha pili kilimchokoza James McCosh, mkuu wa chuo cha Princeton, naye akakikosoa hadharani. Hopkins alipochapisha toleo jingine aliziweka hoja za McCosh humohumo kitabuni pamoja na majibu yake, ili msomaji aamue. Kitendo hicho kinanipendeza kuliko kitabu chenyewe, ambacho leo ni wachache sana wanaokifungua.

Kilichobaki cha Mark Hopkins kimebaki kwa wanafunzi. G. Stanley Hall, aliyehitimu Williams mwaka 1867, alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa saikolojia ya maabara nchini Marekani. Lakini wawili ndio wanaonihusu hapa.

Wa kwanza ni James Garfield. Katika mwaka wa 1854 alikuwa kijana maskini wa Ohio, mwenye umri wa miaka 22, aliyekwisha kuswaga wanyama wa kukokota mashua kwenye mfereji, kufanya useremala, na kufagia madarasa ili alipie masomo. Alitaka kumalizia chuo mashariki, akaandika barua kwa wakuu wa vyuo kadhaa kuuliza angepokewa darasa la ngapi. Majibu yalikuja, mafupi na ya kikazi. La Hopkins nalo lilikuwa fupi, ila mwishoni aliongeza sentensi moja: ukija, tutafurahi kukusaidia kadiri tuwezavyo. Garfield alikwenda Williams kwa ajili ya sentensi hiyo. Alihitimu mwaka 1856.

Desemba 1871 wahitimu wa Williams walikula chakula cha jioni katika mgahawa wa Delmonico, New York. Chuo kilikuwa kinalalamikiwa kwa majengo yake duni na vifaa vichache. Garfield, ambaye sasa alikuwa mbunge, alisimama akasema jambo ambalo Wamarekani wamelirudia hadi leo kwa maneno yanayotofautiana: kwamba chuo kinachomtosha yeye ni gogo, Mark Hopkins akikaa ncha moja na mwanafunzi ncha ya pili. Watu wengi hulitumia neno hilo kudai kwamba majengo si kitu. Naona wanamwonea Hopkins. Mtu aliyejitwisha deni la dola 600 kwa ajili ya kifaa cha kufundishia hakudharau vifaa. Na ndugu yake Albert, mwalimu wa hapohapo Williams, alikuwa na kituo cha kutazamia nyota kilichokamilika mwaka 1838. Garfield alikuwa anasema nini kitangulie.

Mwaka 1872 Hopkins aliacha ukuu wa chuo akiwa na miaka 70. Alisema ni afadhali watu waulize kwa nini anaondoka kuliko waulize kwa nini haondoki. Aliendelea kufundisha. Tarehe 2 Julai 1881 Garfield, sasa rais wa Marekani, alifika stesheni ya reli ya Washington kuanza safari ya kwenda kaskazini, na Williamstown ilikuwa katika safari hiyo, kwenye sherehe za chuo chake. Hakupanda treni. Charles Guiteau alimpiga risasi pale stesheni, na Garfield akafariki tarehe 19 Septemba. Mwalimu wake aliishi hadi tarehe 17 Juni 1887.

Mwanafunzi wa pili ndiye anayetuleta karibu na kwetu. Samuel Chapman Armstrong alizaliwa mwaka 1839 katika kisiwa cha Maui, Hawaii, mtoto wa mmisionari aliyepelekwa huko na bodi ya misheni ya Marekani, ambayo Hopkins aliiongoza kama rais tangu mwaka 1857 hadi kufa kwake. Armstrong aliingia Williams mwaka 1860, akaishi nyumbani kwa Hopkins pamoja na mmoja wa watoto wa mkuu huyo. Maana yake ni kwamba swali la "unaonaje" alilipata darasani na nyumbani pia. Alihitimu mwaka 1862 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaingia jeshini, akaishia kuongoza vikosi vya askari weusi. Vita vilipokwisha alipewa kazi ya kuwahudumia watu waliotoka utumwani huko Hampton, Virginia, na mwaka 1868 akafungua pale shule ya kufundisha walimu na kilimo. Aliwahi kusema kwamba mema yoyote aliyoyafundisha yalikuwa ni Mark Hopkins anayefundisha kupitia kwake. Garfield naye aliketi kwenye bodi ya shule hiyo.

Hapa nataka kwenda polepole. Mwaka 1872 alifika Hampton kijana mweusi, mchafu kwa safari ndefu ambayo sehemu yake aliitembea kwa miguu, hana pesa. Jina lake Booker T. Washington. Mwalimu aliyepokea wanafunzi hakumkubali wala kumkataa. Alimwacha akae saa kadhaa, kisha akamwambia kuna chumba cha darasa kinataka kufagiwa, achukue ufagio. Washington ameeleza habari hiyo katika kitabu cha maisha yake, Up from Slavery, cha mwaka 1901. Alifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, akahamisha kila samani, akasafisha kila pembe na kabati. Mwalimu akaja, akachukua leso yake akaisugua kwenye mbao za ukuta, kwenye meza na kwenye mabenchi. Hakupata vumbi. Akamwambia anafaa kuingia shule. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa kuingia, na Washington aliuenzi maisha yake yote.

Garfield naye alikuwa amefagia madarasa. Lakini alipofika kwa Hopkins hakupewa ufagio, aliulizwa anaonaje. Washington alipofika kwa mwanafunzi wa Hopkins alipewa ufagio. Sisemi ufagio ni aibu, na sisemi Armstrong alikuwa mtu mbaya. Alijitoa kweli, na Hampton ilitoa walimu wengi waliohitajika sana. Lakini aliamini kwamba watu waliotoka utumwani walihitaji kwanza nidhamu ya kazi, na kwamba siasa waiache kando. Juu ya piramidi ya mwalimu wake alikiona kilele, akaamua kwamba watu hawa wakae kwanza kwenye matabaka ya chini. Neno "kwanza" likikosa tarehe ya mwisho huwa ni neno gumu sana. Williams kwenyewe, katika miaka yote 36 ya ukuu wa Hopkins, hakuhitimu mwanafunzi mweusi hata mmoja. Wa kwanza, Gaius Charles Bolin, alihitimu mwaka 1889.

Washington alifungua Tuskegee mwaka 1881 kwa mfano wa Hampton. Msomi mweusi W. E. B. Du Bois, aliyefundishwa falsafa Harvard na William James, alisimama kuupinga mpango huo kwa nguvu zote: watu wanaofundishwa mikono peke yake, alisema, wataamuliwa mambo yao na wengine. Na Du Bois alipoona mpango huo unapelekwa Afrika, alimshambulia hasa mtu mmoja, Thomas Jesse Jones.

Jones, mzaliwa wa Wales, alikuwa amefundisha Hampton mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye akaongoza tume za mfuko wa Phelps-Stokes zilizozunguka Afrika kuchunguza elimu. Ya pili ilifika Afrika Mashariki mwaka 1924, na ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilipendekeza elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake ya kijijini. Mwaka 1926 Jones alichapa kitabu kinachotaja mambo manne ya msingi katika elimu: afya, matumizi ya mazingira, nyumba, na burudani. Mtawala gani wa kikoloni angekataa orodha hiyo? Haina mahali ambapo mtu anauliza kwa nini ardhi imechukuliwa.

Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa msaada wa pesa za shirika la Carnegie. Jina lilitoka kwa Anna Jeanes, mwanamke wa Philadelphia aliyeacha dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi wa kusini. Mkuu wa kwanza wa Kabete alikuwa J. W. C. Dougall, aliyesafiri na tume ile kama katibu. Shule ilichukua walimu waliokwisha kufundisha, wakaja na wake zao na watoto, ili wakirudi kwao wawe wanazungukia shule ndogo za vijijini na kuziinua pamoja na vijiji vyenyewe.

Babu yangu alikuwa mmoja wao, akitoka Taita. Alirudi na randa, msumeno na mazoea ambayo hayakumtoka hadi uzeeni. Nyumba yake ilikuwa na madirisha mawili katika kila chumba wakati majirani hawakuwa na hata moja. Choo cha shimo kilikuwa upande wa chini wa upepo, na mfuniko wake alikuwa ameuranda mwenyewe ukakaa barabara bila upenyo wa nzi. Nyanya alijifunza kushona na kulea watoto wachanga kwa usafi, na wanawake wa kijiji chote walimletea watoto wao wakiugua. Nimeziona faida hizo kwa macho. Mama yangu na ndugu zake walikua wote, katika miaka ambayo nyumba nyingi zilikuwa zinazika watoto. Hakuna atakayeniambia kwamba elimu ile ilikuwa kazi bure.

Lakini niliwahi kumuuliza Babu, nikiwa nimeanza ualimu, kama wakaguzi waliokuwa wanapita shuleni kwake waliwahi kumuuliza anaonaje kuhusu masomo yenyewe. Alifikiri kidogo. "Waliuliza vyoo vingapi vimechimbwa," akasema, "na miti mingapi imepandwa." Hakusema kwa uchungu. Aliniambia idadi aliyokuwa akiwapa, akaniambia pia kwamba haikuwahi kuwa ya uongo, na mimi namwamini.

Mtu yule aliyekuwa akijua kila familia katika maeneo yake, nani mtoto wake anaacha shule na kwa sababu gani, alikuwa na mengi ya kuiambia serikali kuhusu elimu. Hapo ndipo ninapoiona piramidi ya Hopkins ikiwa imekatwa kichwa. Mwili wenye afya, nyumba safi, shamba lililolimwa vizuri: matabaka ya chini yalijengwa kwa uangalifu mkubwa. Lile ambalo yote hayo yapo kwa ajili yake, mtu anayefikiri na kuchagua, liliachwa nje ya ramani. Hopkins mwenyewe angelikataa jengo hilo kwa hoja zake mwenyewe, ingawa hakuwahi kuzitumia kutetea watu kama sisi.

Swali hata hivyo lilijitokeza tena, tena kulekule lilikozimwa. Oktoba 1927 wanafunzi wa Hampton waligoma. Kilichowasha mgomo kilikuwa kidogo: wakati wa kuonyeshwa filamu, wakubwa waliamuru taa ziachwe zikiwaka ukumbini ili kuwachunga wavulana na wasichana. Wanafunzi waliona wamefanywa watoto. Lakini madai waliyoyaandika yalikwenda mbali zaidi ya taa. Walitaka walimu wenye sifa na masomo ya kiwango cha chuo. Hakuna aliyewauliza wanaonaje, wakasema wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1927 kijana wa Kikuyu, Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange, alitoka Kenya kwenda kusoma Hampton. Kutoka hapo aliendelea hadi chuo cha Ohio Wesleyan, kisha Columbia huko New York, akapata shahada ya pili. Aliporudi, serikali ya kikoloni na watu wake hawakuwa na wazo moja juu ya elimu. Wazazi wa Kikuyu walikuwa wamekwisha kujitenga na shule za misheni na kujenga shule huru zao, wakitaka watoto wao wafundishwe Kiingereza na masomo yaleyale wanayosoma watoto wa Wazungu. Shule hizo zilihitaji walimu. Mwaka 1939 Koinange akafungua Githunguri chuo cha walimu, na wananchi wakakijenga kwa michango yao. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alijiunga na kazi hiyo, na baadaye akawa mkuu wa chuo.

Kutoka Githunguri hadi Kabete si mbali. Mtu wa miguu anaweza kufika jioni. Kwa miaka kadhaa vyuo viwili vya walimu vilikuwa vinafanya kazi katika nchi moja ya milima na chai, vyote viwili vikiwa na damu ya Hampton, kimoja kikiuliza vyoo vingapi na kingine kikiuliza nchi ni ya nani. Serikali ilikifunga cha Githunguri mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Shule ya Jeanes ikaendelea. Mwaka 1961, uhuru ukiwa umekaribia, iligeuzwa kuwa chuo cha utawala, na mahali palepale pakaanza kuandaliwa maofisa Waafrika wa kuendesha wilaya na wizara, watu ambao kazi yao ya kila siku ingekuwa kutoa maoni na kuyatetea.